Magauni Yasiyotoka Kalemie

Gari lilisimama mbele ya nyumba ya Mama Mushonaji saa tatu na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, mwezi wa sita, wakati kiangazi kilikuwa kimeanza na vumbi la barabara ya bandari limekuwa jepesi. Walishuka watu watatu. Wa kwanza alikuwa dereva. Wa pili alikuwa mama mmoja mgeni, mtunzaji wa jumba la makumbusho ya mitindo huko ng'ambo, mwenye glavu nyeupe zilizochungulia kutoka mfukoni. Wa tatu alikuwa wakala wake, bwana mmoja aliyetoka Kinshasa, amebeba faili. Ndani ya faili mlikuwa na karatasi moja yenye saini yangu. Karatasi hiyo ilisema kwamba magauni thelathini na moja, kati ya arobaini na saba yaliyokuwa ndani ya nyumba ile, yanatoka Kalemie kwenda ng'ambo, na kwamba mimi mtunza ghala nimeyaruhusu.

Mama Mushonaji hakujua habari hiyo. Alikuwa amekaa mlangoni akitia uzi kwenye sindano kwa kupapasa, maana macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na utando.

"Njo nani hao?" aliniuliza.

"Wageni, Mama."

"Wageni ba kushona ao ba kuangalia?"

"Ba kuangalia," nilijibu. Ulikuwa uongo wa kwanza wa siku ile, na ulikuwa wangu.

Kabla sijaeleza yaliyofuata, ni lazima nieleze wageni wale walikuwa wamemfikia mtu wa namna gani.

Nilimjua kwa miaka ishirini na sita. Nilikuwa mtunza ghala bandarini, kazi ambayo kwetu huitwa magaziniye, na nilikwenda kwake mara ya kwanza kushonesha koti la kazi. Alizunguka nyuma yangu mara moja, akasema bega langu la kulia limeshuka kwa sababu ya kuinamia madaftari, na kwamba atashona koti lenye bega moja refu ili watu wasijue. Koti lile ninalo hadi leo. Tangu siku ile aliniita Papa Magaziniye, na sikumbuki hata mara moja akinitaja kwa jina nililopewa na wazazi wangu.

Hakutumia tepu ya kupimia. Alisema mwanamke akiona tepu anavuta tumbo ndani, na gauni linashonwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Alitumia kamba nyembamba, uzi uleule ambao wavuvi wetu hufumia nyavu. Alimzungushia mteja kamba huku akimuuliza habari za watoto wake, na mteja akiwa katikati ya jibu, yeye alifunga fundo. Fundo la kwanza lilikuwa la mabega, la pili la kifua, la tatu la kiuno, la nne la nyonga, la tano la urefu hadi gotini. Kila mwanamke alikuwa na kamba yake, na kamba zote zilining'inia kwenye misumari ukutani, mamia yake. Mwili wa mteja ulipobadilika, hakufungua fundo la zamani. Aliongeza jipya pembeni. Niliwahi kumwona akishika kamba moja na kuipitisha vidoleni kama rozari.

"Huyu alizaa mapacha," alisema. "Hapa njo alifiwa na bwana yake, alikonda. Hapa akaolewa tena. Ona, akanona."

"Na hapa?"

"Hapa alikuwa ananidanganya. Alivuta tumbo."

Kama mshonaji alikuwa na ukali ambao watu waliukimbia na kuurudia. Bibi harusi aliyefika akisema atakonda kabla ya ndoa alifukuzwa. "Mi nashonea mwenye eko mbele yangu," alisema. "Ule mwingine, wakati atakuja, mumulete." Alisali rozari akiwa anashona, na katikati ya mafumbo mawili aliweza kumtukana mtu aliyechelewesha kitambaa, kisha akaendelea na Salamu Maria palepale alipoachia. Alisema vibaya sana juu ya wanawake wenye kujipenda, lakini nyumba yake ilikuwa na vioo sita, kimoja jikoni. Alitoa gauni zima bure kwa msichana wa Niemba aliyekuja mjini kuolewa na hana kitu, na wiki hiyohiyo nilimwona akimfuata jirani yake mita mia mbili kwa miguu, juani, kudai sindano aliyoiazima.

Sasa nieleze magauni.

Kwetu, matanga yanapomalizika, nguo za marehemu hutandikwa kwenye mkeka na ndugu hugawana. Dada huchagua, mabinti huchagua, mawifi huchagua. Vitenge vizuri huondoka kwanza, na makoti baadaye. Mwisho hubaki nguo moja au mbili ambazo hakuna anayezigusa, kwa sababu ni za zamani mno, au zinabana, au marehemu alizivaa siku ambayo familia haipendi kuikumbuka. Mama Mushonaji alikaa kwenye matanga yote ya wateja wake mpaka mwisho, akisubiri mkeka ubaki mtupu.

"Ile yenye kubakia, munipe," alisema.

Hakuichukua bure. Alimshonea binti mdogo wa nyumba ile gauni jipya. Mwanzoni watu walimshangaa, wengine wakasema anakusanya nguo za wafu kwa mambo ya giza. Baadaye familia zenyewe zilianza kumtumia ujumbe: mkeka unafunguliwa Jumamosi, njoo.

Ndivyo zilivyojaa vyumba vitatu vya nyumba yake, nyumba ya kale iliyojengwa kwa ajili ya watumishi wa reli. Hakupaita makumbusho. Alipaita chumba cha wamama, ingawa vilikuwa vitatu. Kila gauni lilitundikwa kwenye mti wa mwanzi uliopitishwa mikononi, na kando yake kamba ya mwenyewe. Wanawake waliingia bure. Wanaume walilipa na kuvua kofia. Katekista mmoja alimuuliza sababu.

"Wanaume njo walisema hii manguo haifae," alimjibu. "Basi balipe."

Nitataja matatu tu. La kwanza lilikuwa la harusi, la rangi ya divai, limeshonwa kwa mapazia ya behewa la daraja la kwanza. Bwana harusi alikuwa fundi wa treni na hakuwa na pesa za kitambaa. Familia ililificha gauni lile kwa miaka mingi kwa sababu kwenye pindo la chini kulikuwa na herufi za shirika la reli zilizofumwa kwa uzi wa njano. Mama Mushonaji alilitundika pindo likiwa limegeuzwa nje ili herufi zisomeke. Mzee mmoja wa reli alimwonya kwamba ule ni ushahidi wa wizi. Alimjibu kwamba treni ile ilikuwa imekwisha kusimama, mapazia mengine yote yameoza, na haya pekee ndiyo yangali yanasafiri.

La pili alilishona mwenyewe wakati wa Zaire, wakati suruali kwa mwanamke ilikuwa kosa la kukukamatisha barabarani. Muuguzi mmoja alikuwa na pikipiki na wagonjwa wa mbali. Mama Mushonaji akamshonea suruali ya kitenge pana kiasi kwamba mtu akisimama, ilionekana sketi. Siku moja vijana wa chama walimsimamisha muuguzi huyo wakabishana nusu saa kama ni sketi au si sketi. Akawaambia, "Basi muingize mukono, muhesabu." Hakuna aliyethubutu.

La tatu ndilo lililomleta mgeni kutoka ng'ambo, ingawa yeye aliliona kwanza kwenye picha niliyompelekea. Ni gauni la kitambaa cheusi kilichonunuliwa Kigoma, lenye mikono mikubwa iliyokunjwa makunjo kumi na nne kila upande, kiasi kwamba anayelivaa hapiti mlangoni isipokuwa kwa ubavu. Mama Mushonaji alilibuni kwa ajili ya mwalimu mmoja wa kike ambaye mkurugenzi wake alikuwa na tabia ya kumsogelea. "Nilimushonea nafasi," alisema. Mwalimu alilivaa kila Jumatatu kwa mwaka mzima. Mkurugenzi aliomba uhamisho.

Mimi nilisoma peke yangu yote niliyoweza kuyapata juu ya kuhifadhi vitambaa. Nilikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada, nilichokinunua sokoni, na nilikisoma mara nne. Nilitengeneza daftari: namba, kitambaa, urefu, hali. Nilijua kwamba jua linapausha rangi, jasho linakula uzi, na unyevu wa ziwa unaleta ukungu. Kwa hiyo jambo ambalo lilitutenganisha kila mwaka lilikuwa desturi yake ya mwezi wa nane. Kila gauni lilikuwa na mwanamke wake aliye hai. Haikuwa lazima awe ndugu wa marehemu. Alikuwa yule ambaye mwili wake umeafikiana na kamba, fundo kwa fundo. Mama Mushonaji aliwatafuta miaka na miaka, sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji. Mwanamke akitembea mbele yake, alisimama na kumtazama mgongo. Siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, baada ya Misa, wanawake hao walivaa magauni yale na kutembea kutoka nyumbani kwake mpaka ufukoni na kurudi.

"Mama, jasho litaiharibu," nilimwambia mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa kumi.

"Papa Magaziniye, unataka kuzika nguo yenye haiyakufa."

"Nataka idumu."

"Idumu kwa kufanya nini?"

Kitabu changu hakikuuliza swali hilo.

Miaka miwili iliyopita macho yake yalianza kushindwa. Mwaka huohuo paa la chumba cha tatu lilianza kuvuja, na ukungu ukaonekana kwenye gauni jeupe lenye vifungo vya mfupa lililotoka Mpala. Mimi nilikuwa nimestaafu. Niliandika barua kwa jumba la makumbusho, nikaambatisha orodha yangu na picha. Walijibu baada ya miezi mitatu, kwa heshima na kwa furaha, wakataja na bei. Wakala akaja Kalemie mwezi wa tano, wakati Mama Mushonaji alikuwa Mpala kwenye matanga. Wakala alinifuata nyumbani. Alisema kila kitu kiko tayari, isipokuwa karatasi ya kuruhusu mizigo.

Kosa langu lilikuwa hili. Bandarini, mzigo hutoka ghalani kwa karatasi tunayoiita boni ya kutoka, na anayesaini boni ni mtunza ghala. Mwenye mzigo haulizwi mlangoni. Niliandika boni za namna hiyo kwa miaka thelathini. Wakala aliponyoosha kalamu, mkono wangu ulifanya kazi uliyoizoea: niliandika idadi, aina, hali, nikapiga mhuri wangu wa zamani, nikasaini. Baada ya kuondoka kwake ndipo nilipoona kwamba magauni yale hayakuwa katika ghala langu. Nilikuwa nimechanganya kutunza na kumiliki. Nilikusudia kumwambia Mama Mushonaji akirudi. Alirudi, na kwa wiki tatu sikumwambia.

Kwa hiyo Jumanne ile, wakala aliposimama mlangoni na kuisoma karatasi kwa sauti, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Mama Mushonaji na nilikuwa nauona mgongo wake tu. Haukutikisika.

"Nani alisaini?" aliuliza.

"Ni mimi, Mama," nilisema.

"Weye?"

"Mimi."

Alichoma sindano kwenye kola yake, mahali pake pa siku zote.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tatu na dakika arobaini."

"Sawa. Ingiza wageni. Uwape chai."

Kisha akageukia ua wa majani uliotenganisha nyumba yake na ya jirani, mchuuzi wa ndakala, dagaa wa ziwa letu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kupita injini ya mashua. Huyo ndiye aliyevaa gauni la mapazia kila mwaka.

"Mama Ndakala!"

"Mama!"

"Uite bale ba kamba. Bote."

"Lakini Mama, haiko mwezi wa nane!"

"Minajua mwezi. Uite."

Ndani ya nyumba mgeni alivaa glavu zake. Lazima niseme kweli juu yake: alikuwa mtu anayeijua kazi yake. Alisimama mbele ya gauni jeusi kwa dakika kumi bila kuligusa, kisha akahesabu makunjo ya mikono kwa kidole hewani, na macho yake yalilowa. Wakala alitafsiri. Mgeni alisema kwamba huu ni ubunifu wa kiwango cha juu kabisa, na kwamba gauni lile litasimama kwenye vitirini, kabati la kioo, pamoja na yale ya wabunifu ambao dunia nzima inawajua.

"Umuambie aksanti," alisema Mama Mushonaji. "Umuulize, mule ndani ya vitirini litavaliwa na nani?"

Wakala alitafsiri. Mgeni alitabasamu, akasema halitavaliwa. Litawekwa kwenye sanamu iliyotengenezwa kwa vipimo vyake, penye giza na baridi, na litaishi miaka mia mbili.

"Sanamu iko na kichwa?"

"Hapana, Mama. Haina kichwa."

"Basi umuambie mi sishoneake bantu babila kichwa."

Wanawake walianza kufika kabla ya saa nne na nusu. Wa kwanza alitoka sokoni na beseni kichwani. Muuguzi mmoja kijana alifika na sare yake. Mwalimu mmoja alikuja mbio akisema amewaachia watoto imla. Mmoja alikuwa na mimba ya miezi saba, na Mama Mushonaji alimpapasa tumbo na kusema afungue mshono wa pembeni, uliachwa kwa ajili hiyo. Hawakuuliza maswali. Waliingia mmoja mmoja, wakavua na kuvaa, na wakatoka uani, mwenye gauni jeusi kwa ubavu. Saa tano kasoro dakika kumi vyumba vyote vitatu vilikuwa vitupu. Ilibaki miti ya mwanzi.

Uani kulikuwa na magauni yote arobaini na saba. Wanawake waliketi. Mama Ndakala, katika mapazia ya behewa la daraja la kwanza, alimwaga ndakala kwenye sinia na kuanza kuondoa uchafu. Mwenye suruali ya Zaire alimenya mihogo. Mgeni alitokea mlangoni, akashika kifua.

"Anasema tafadhali samaki asiguse kitambaa!" alitafsiri wakala.

"Samaki huyu njo alilipa hii manguo ingine yote!" alisema Mama Ndakala.

Wakala alifungua faili. Alisema kwa sauti ya kisheria kwamba karatasi imesainiwa, kwamba gari la kwenda uwanja wa ndege limelipiwa, na kwamba akina mama wavue nguo hizo mara moja.

"Tuvue hapa, papa?" aliuliza muuguzi. "Mbele yako?"

"Bibi yako anajua uko unatembea Kalemie kwa kuvulisha bamama?" aliongeza mwingine.

"Anza weye! Vua ile koti, tuone ufundi!"

Uani palichafuka kwa vicheko. Wakala alitoa jasho. Alipunga karatasi.

"Karatasi inasema thelathini na moja!"

"Basi karatasi ivae!" alisema Mama Ndakala, na mmoja akapiga kigelegele.

Mama Mushonaji hakucheka. Alikuwa ameketi katikati yao, na nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, maneno ambayo wakala hakuyatafsiri: "Bale balikufa hapa. Mabega yao iko hapa. Kule, nani atabasalimia?"

Ndipo wakala akanigeukia.

"Papa, weye ulisaini. Sema."

Watu wote wakanitazama, isipokuwa Mama Mushonaji. Nimefanya kazi miaka mingi mahali ambapo watu hupiga kelele juu ya mizigo, na nilijua kwamba kelele hazifuti karatasi. Niliomba nione boni. Akanipa. Niliisoma yote, polepole, kama ninavyosoma kila kitu.

"Hii ni boni ya kutoka," nilisema. "Boni ya kuingia iko wapi?"

"Boni gani ya kuingia?"

"Kitu ambacho hakikuingia ghalani hakitoki ghalani. Ni sheria ya kwanza tuliyofundishwa. Haya magauni hayakuingia kwangu hata siku moja. Hakuna tarehe, hakuna namba, hakuna aliyenikabidhi. Niliandika kutoka kwa kitu ambacho sikuwa nacho."

"Uko unatuchezea?"

"Nilicheza mwezi wa tano. Leo ninafanya kazi."

Nilitoa kalamu. Nilipiga mistari miwili ya kukatiza juu ya karatasi, toka pembe hadi pembe, nikaandika katikati kwamba imefutwa, nikaweka saa na saini. Nilimrudishia. "Sasa iko na saini zangu mbili," nilimwambia. "Ya pili njo ya kweli."

Alisema nitashitakiwa. Nilimwambia anwani yangu anaijua. Mgeni alimuuliza kilichotokea, akaelezwa, na akawatazama wanawake mmoja mmoja. Halafu alivua glavu zake, akazikunja, akaomba kitu kimoja: apige picha. Mama Mushonaji alikubali kwa sharti kwamba kila uso uonekane. Waliondoka saa sita na dakika tano. Gari lao lilikuwa na masanduku thelathini na moja matupu, na dereva alikuwa amepewa ndakala kwenye mfuko.

Kwa wiki nane baada ya hapo Mama Mushonaji hakuzungumza na mimi. Nilikwenda kila Alhamisi kama kawaida, nikaketi, nikapewa chai, na alizungumza na wengine juu yangu nikiwa mbele yake.

"Mumuulize magaziniye kama anataka sukari."

"Nataka, Mama."

"Mumuambie sukari imekwisha."

Siku ya mwezi wa nane, wanawake walipokwisha kuvaa, alitoka nje akishikilia ukuta, akasema mbele ya wote, "Papa Magaziniye, utatembea mbele. Usimamishe pikipiki." Hiyo ndiyo namna aliyonisamehe. Nilitembea mbele, nikasimamisha pikipiki, na nyuma yangu nilisikia vitambaa arobaini na saba vikitembea kwa pamoja. Sikugeuka kuangalia jasho.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza ni mwezi wa kumi na mbili, saa nane mchana, siku ya mvua kubwa. Nilimkuta kitandani, ameketi wima, amevaa kana kwamba anangojea mtu. Alikuwa haoni tena isipokuwa mwanga wa mlango. Paa la chumba cha tatu lilikuwa limeshindwa kabisa. Magauni mawili yalikuwa yameoza mabegani na hayakuweza kuokolewa, moja likiwa la Mpala. Alinieleza hayo kabla sijakaa, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa.

"Unataka kusema nini? Sema, nasikia unapumua."

"Nina barua, Mama."

"Ya kule?"

"Ya kule. Wameongeza bei. Na watalipa daktari wa macho Lubumbashi, na nauli, kwenda na kurudi."

Mvua ilipiga mabati.

"Daktari wa macho atanionyesha nini?"

"Kila kitu, Mama. Magauni."

"Ile manguo nilishaiona."

Nilingoja. Nilidhani angeniamuru nijibu hapana, na nilikuwa tayari nimeshika kalamu. Badala yake alinigeukia, akauelekeza uso wake mahali alipodhani pana uso wangu.

"Na weye, Papa, unasema nini?"

Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuniuliza hivyo. Nilitazama chumba. Nilijua kitabu changu kingesema nini. Nilijua ukungu utachukua mengine, labda matatu kwa mwaka, labda zaidi. Nilijua pia kwamba mwanamke wa gauni la Mpala alikuwa amekuja siku ile asubuhi, akaomba mabaki ya kitambaa, na alikuwa ameketi chumba cha pili wakati huohuo akijaribu kushona mfano wake, kwa kamba ileile.

"Ninasema hapana, Mama."

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu wenyewe wako hapa."

"Basi andika. Na uandike Kifransa kizuri, wasiseme tulikataa kwa ujinga."

Niliandika mistari mitatu. Nilimsomea, akanirekebisha neno moja la adabu ambalo aliona limezidi, na nikalitoa.

Hesabu ni kazi niliyoizoea, kwa hiyo niliifanya njiani nikirudi nyumbani. Bei ya kwanza siiingizi, maana mzigo mmoja hauuzwi mara mbili. Ninahesabu bei ya barua ya mwisho, pamoja na daktari na nauli. Jumla ya tuliyoyapoteza kwa kukataa, Mama Mushonaji, mimi na wanawake arobaini na saba, wakiwemo wale wawili ambao magauni yao yameoza, ni dola elfu kumi na tisa na mia nne.